Kumwomba Mganga Dawa Isiyoandikiwa Ugonjwa Wako



Mama mmoja alinijia ofisini juma lililopita na neno ambalo nimeona vema kulijibu hapa, maana najua si lake peke yake. Mwanawe ana maradhi ya siku nyingi. Amesikia kwamba kuna dawa ya maradhi mengine kabisa, ambayo huko mbali imewasaidia wagonjwa walio kama mwanawe. Alipomtajia mganga, mganga alikataa, akasema karatasi ya dawa ile haiutaji ugonjwa huo. Basi mama akaniuliza, "Bwana Karani, nimfanyeje mganga huyu hata akubali?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia angoje gazeti. Kuchelewa kwangu kulikuwa na sababu: mimi mwenyewe niliwahi kumwendea mganga kwa shauri kama hilo, nikaliharibu vibaya, na aliyelipia ulimi wangu ni shangazi yangu.

Shangazi huyo anakaa Ras Kisimani, ile ncha ya kisiwa cha Mafia inayotazama magharibi, upande wa midomo ya mto Rufiji. Kazi yake ni kusuka makuti na mikeka. Mguu wake wa kushoto una matende. Ulianza alipokuwa msichana, kwa mtoki na homa, na kila homa ilipoondoka iliuacha mguu mnene kidogo kuliko ulivyokuwa. Kufika mwaka 2021 ukanda wa kandambili ulikuwa hauzungukii tena unyayo wake, akaukata na kuunganisha kwa kipande cha kanga. Hilo la kandambili alilizoea. Ambalo hakulizoea ni zile homa: siku mbili au tatu za kutetemeka, mguu mwekundu na moto kama umemwagiwa maji ya kuchemka, kichwa kinauma, na makuti yanakauka uani bila mtu wa kuyasuka.

Matende si jambo geni Mafia. Nchi yetu ilipoanza kazi ya kuyatokomeza, Mafia ndiko ilikoanzia, mwaka 2000. Marehemu Dakta Mwele Malecela, aliyeiongoza kazi hiyo kwa miaka mingi kabla ya kifo chake mwaka 2022, alisikika mara nyingi akiwasemea wagonjwa hawa waliosahauliwa. Watu wa kisiwani walimezeshwa dawa mbili, ivamektini na albendazoli. Shangazi hakukosa hata mara moja. Lakini alikuwa na manung'uniko yake: "Nameza kila wanapopita, na mguu uko pale pale."

Ni kweli, na hakuna aliyemdanganya, ila hakuna aliyemweleza vizuri pia. Matende huletwa na mnyoo mwembamba kama uzi, ambaye mbu humchukua kutoka mtu hadi mtu. Mnyoo mkubwa hukaa ndani ya mishipa ile inayorudisha maji ya mwili, na huzaa vitoto vinavyoogelea katika damu. Dawa za kumezeshwa kijiji kizima huviondoa vile vitoto, ili mbu asipate cha kubeba kwenda kwa mtoto wa jirani. Hiyo ni kazi kubwa, na kwa ajili yake wajukuu wengi watakuwa na miguu mizima. Lakini mshipa uliokwisha kuharibika haunyoshwi na dawa hiyo. Shangazi alikuwa akimeza kwa faida ya wengine, naye akingoja faida yake.

Mwanzoni mwa mwaka huo wa 2021 rafiki yangu niliyesoma naye chuo cha ualimu, ambaye sasa anafundisha mkoa wa Lindi, alinipigia simu. Akasema huko kwao watafiti wanajaribu kutibu miguu ya matende kwa doksisaiklini. Nilicheka. Doksisaiklini naijua: ni dawa ya vifua, ya maradhi ya zinaa na ya kipindupindu, na wageni wengine huimeza ili kujikinga na malaria. Inahusiana nini na mguu? Akanieleza kwamba ndani ya mwili wa mnyoo wa matende kuna bakteria wanaoitwa Wolbachia, na mnyoo hawezi kuishi wala kuzaa bila wao. Doksisaiklini huwaua bakteria hao, na mnyoo hufa polepole kwa kukosa wenziwe.

Jambo hilo lilikwisha kujaribiwa katika nchi yetu, kijiji cha Kimang'a huko Pangani, na habari zake zilichapwa mwaka 2005. Watu 72 wenye minyoo waligawanywa: wengine walipewa doksisaiklini kila siku kwa majuma 8, wengine vidonge vitupu visivyo na dawa. Baada ya miezi 14 walipimwa kwa mashine inayoona ndani ya mwili. Kati ya 27 waliopimwa katika wale waliomeza dawa, minyoo hai ilionekana kwa 6 tu. Kati ya 27 wa vidonge vitupu, ilionekana kwa 24. Tena Ghana, habari zilizochapwa mwaka 2012 zilisema kwamba wenye matende ambayo hayajawa makubwa sana walipopewa dawa hiyo kwa majuma 6, karibu 44 katika kila 100 walipata nafuu ya mguu wenyewe, na katika waliopewa vidonge vitupu hawakufika hata 6 katika 100.

Niliyaandika yote hayo katika karatasi, kwa mwandiko wangu mzuri wa chuo, nikamchukua shangazi mpaka zahanati.

Sasa nisikieni nilivyofanya. Ilikuwa Jumatatu asubuhi na mstari ulikuwa mrefu mpaka chini ya mwembe. Tulipoingia, badala ya kumwacha shangazi aseme linalomuuma, niliitandaza karatasi yangu juu ya meza ya Bwana Mganga, nikaanza kusoma hesabu za Pangani na za Ghana. Aliniacha nimalize. Kisha akasema taratibu kwamba karatasi ya dawa ile haitaji matende, mwongozo wa matibabu alio nao hautaji, na dawa aliyo nayo kabatini ni ya wagonjwa wengine. Hapo nikapandisha sauti. Nikasema nchi za wenzetu watu wanatibiwa na sisi tunaachwa. Nikaongeza, na mpaka leo naona haya kuandika, "Kama hujasoma, tupeleke kwa aliyesoma."

Mstari wote ulisikia. Shangazi alitazama sakafu. Mganga aliandika dawa ya kutuliza maumivu, akaita, "Anayefuata."

Yafaa mjue pia mwaka ule ulikuwaje kwa mganga. Ulikuwa mwaka wa korona, na kila siku walimjia watu wenye simu mkononi wakitaka ivamektini, maana walisoma kwamba inaponya korona. Mimi kwake nilikuwa mwingine wa kundi hilo.

Tulitoka mikono mitupu, lakini hasara yenyewe ilikuja baadaye. Shangazi aliona aibu kurudi pale. Miezi minne alikaa nyumbani na homa zake, akijifunga majani ya mbarika na kusema itapita. Homa ya tatu katika miezi hiyo haikupita. Usiku majirani walimkuta hajui anasema nini, wakampakia katika pikipiki, mmoja nyuma akimshikilia, mpaka kwa mganga yule yule. Yeye ndiye aliyeamka usingizini, akamchoma sindano, akakaa naye mpaka alfajiri. Shangazi alipona. Mimi nilipata habari saa mbili asubuhi, nikiwa nanoa kalamu.

Nilingoja Alhamisi jioni, mstari ulipokwisha, nikaenda peke yangu. Nilimshukuru, nikamwomba radhi. Alivuta kigoda, akasema, "Kaa, Karani. Sasa tuseme habari za mgonjwa." Akaniuliza maswali matatu. Shangazi hupata homa ile mara ngapi kwa mwezi? Nikasema, mara nyingi. Akasema nyingi si hesabu. Katikati ya vidole vya mguu kukoje, kuna nyufa au ukungu? Sikuwahi kutazama. Anameza dawa gani nyingine? Sikujua. Ndugu zangu, kazi yangu ni kutunza vitabu. Ukitaka kujua nani alibatizwa lini na wasimamizi wake ni nani, nitakuonyesha mstari. Lakini wa mguu wa shangazi yangu sikuwa na mstari hata mmoja, na nilikuwa nimeleta hesabu za miguu ya Ghana.

Kisha naye akanieleza upande wake, na hapa ndipo nilipopata elimu ambayo napenda kumpa yule mama.

Dawa isajiliwapo, hapa kwetu na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, husajiliwa kwa maradhi yanayotajwa, na kipimo chake, na watu wasiofaa kuimeza. Hayo ndiyo yaliyomo katika ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, ambayo sisi huitupa. Maradhi kutotajwa humo hakuna maana ya kwamba dawa haiyafai. Maana yake ni kwamba hakuna aliyekwenda mbele ya wakaguzi na ushahidi wa kutosha akaomba yatajwe. Pengine ushahidi haupo. Pengine upo, lakini dawa ni ya zamani na rahisi, na hakuna tajiri anayeona faida ya kugharimia maombi. Katika nchi nyingi mganga hakatazwi kutumia akili yake hapo. Lakini akiitoa, mzigo ni wake: ikimdhuru mgonjwa, hana karatasi ya kujificha nyuma yake.

"Hiyo ivamektini yenyewe," akaniambia, "ilianza kama dawa ya mifugo." Nikatafuta baadaye, nikaona ni kweli. Asili yake ni kijidudu cha udongo kilichopatikana Japani. Iliingia kwa wanyama mwaka 1981, na mwaka 1987 ikaanza kutolewa bure kwa watu wenye usubi, ule ugonjwa unaopofusha. Baadaye ikaja kwenye matende. Satoshi Omura na William Campbell walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa ajili yake. Kama watu wangeshikilia tu kwamba ni dawa ya ng'ombe, vipofu wangekuwa wengi zaidi leo. Ila dawa hiyo hiyo, watu walipoishikilia kwa korona, majaribio makubwa yalipofanywa hayakuona faida yake. Mganga alitaka nione yote mawili, maana mwenye kuomba hupenda kukumbuka la kwanza tu.

Akanipigia hesabu nyingine ambayo sikuitazamia. Doksisaiklini ya shangazi ingekuwa vidonge 2 vya miligramu 100 kila siku kwa siku 42, yaani vidonge 84. Mgonjwa wa kifua humeza 2 kwa siku kwa siku 7, yaani 14. "Nikimpa shangazi yako dawa ya kabati hili," akasema, "nimewanyima watu 6. Nao watakuja mlangoni, nitawatazama usoni." Sikuwa na jibu. Nilidhani alikataa kwa kutojua. Kumbe alikuwa akiwafikiria watu ambao mimi sikuwaona.

Nikamwuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza siku ile ya Jumatatu: "Ni jambo gani likiwapo utakubali kumjaribu?"

Alifikiri, akasema mambo yake. Mgonjwa aje mwenyewe na aseme mwenyewe. Kwa miezi mitatu mguu uoshwe kila siku na uandikwe kila siku. Baada ya hapo atampigia simu mkubwa wake hospitalini, maana hataki kuamua peke yake jambo lisilo katika mwongozo. Nao wakikubali, dawa tutainunua sisi dukani kwa cheti chake, isitoke katika kabati la wote.

Habari ya kuosha, ningependa kila nyumba yenye matende iisikie. Mnyoo huharibu mshipa, lakini homa zile kwa sehemu kubwa huletwa na vijidudu vya nje vinavyoingia katika nyufa za ngozi, hasa katikati ya vidole. Kila homa huzidi kuuharibu mguu. Daktari mwanamke wa Recife, Brazili, jina lake Gerusa Dreyer, ndiye aliyewafundisha wengi kwamba maji na sabuni vyaweza kuzuia homa hizo. Basi maji safi, sabuni ya kawaida, kuosha taratibu kutoka juu hadi chini, kila kidole na kila mkunjo. Kisha kukausha kwa kitambaa laini, kwa kugusa bila kusugua, maana unyevu katikati ya vidole ndio mlango wenyewe. Palipo na ukungu, dawa ya kupaka. Usiku mguu uinuliwe juu ya mto au gunia la makumbi. Mchana kifundo kichezeshwe, juu na chini, hata ukiwa umekaa unasuka. Na viatu vipana visivyobana.

Shangazi aliposikia alikasirika. "Nimemwomba dawa, ananipa sabuni! Ras Kisimani, mahali penye jina la kisima, nitafundishwa maji leo?" Lakini aliosha. Mjukuu wake wa darasa la 4 ndiye aliyekuwa karani. Katika daftari la mistari aliandika tarehe, akaweka alama ya vema kwa kuosha, na siku ya homa msalaba. Mganga alimpima kwa uzi: fundo mahali pa kifundo, fundo kati ya kifundo na goti, fundo chini ya goti. Uzi ukakaa ndani ya daftari.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa na msalaba mmoja tu. Mganga alipoliona lile daftari alikaa kimya akiligeuza kurasa. Akapiga simu hospitalini mbele yetu, akamweleza mkubwa wake umri wa mgonjwa, hali ya mguu, idadi ya homa, dawa anazomeza, na habari za Pangani na Ghana, sasa kwa utaratibu wake mwenyewe na bila kusoma karatasi yangu. Wakazungumza kama dakika kumi. Kisha akaandika cheti. Katika kadi ya shangazi aliandika kwa nini anaitoa dawa, kwa siku ngapi, na dalili gani zikitokea iachwe mara moja. Akatuambia turudi kila majuma mawili.

Masharti aliyotoa ni haya, nami nayaandika si ili mtu akanunue, bali mwone kwa nini hainunuliwi kienyeji. Mwanamke mwenye mimba au anayenyonyesha asiimeze kwa jambo kama hili. Watoto walio chini ya miaka 8 wasipewe, maana hubadilisha rangi ya meno yao. Isimezwe pamoja na maziwa, wala na vidonge vya kuongeza damu, wala dawa za kupunguza asidi ya tumbo, maana hivyo huizuia isiingie mwilini. Imezwe kwa kikombe kizima cha maji, mtu akiwa amekaa wima, wala asilale mara hiyo, kwa sababu ikikwama kooni huunguza. Tena hufanya ngozi iungue upesi na jua. Kwa mvuvi wa kwetu hilo si neno dogo.

Mzee mmoja jirani, aliposikia kwamba shangazi amepewa, hakungoja. Alikwenda duka la dawa, akanunua bila cheti, akawa anameza usiku kitandani kwa funda moja la maji. Siku ya nne hawezi hata kumeza uji. Tena ugonjwa wake ulikuwa busha kubwa la siku nyingi, ambalo dawa yake ni kupasuliwa, na upasuaji huo unajulikana na unafanyika. Alikuwa akiunguza koo kwa ajili ya maji yaliyo mahali pengine. Muuza dawa aliyempa bila cheti nilimwambia langu, faraghani. Nimekwisha jifunza habari za kusema mbele ya mstari.

Shangazi alimaliza siku zake 42. Tumbo lilimchafuka juma la kwanza, likatulia. Mwaka ulipokwisha uzi ulionyesha kwamba kifundo kimepungua upana wa vidole viwili. Kile kipande cha kanga katika kandambili hakikuhitajika tena.

Ningekuwa mwandishi wa matangazo ningekomea hapo. Lakini mwaka 2024 rafiki yangu wa Lindi alinipigia tena. Majibu ya kwao yalikuwa yamechapwa. Wagonjwa wote waliokuwa katika jaribio walifundishwa kuosha; kisha wengine walipewa doksisaiklini kwa majuma 6 na wengine vidonge vitupu. Dawa haikuonekana kuwashinda wale wa vidonge vitupu. Walioosha walipata nafuu, mwenye dawa na asiye na dawa.

Nilikunja karatasi, safari hii fupi, nikaipeleka kwa Bwana Mganga Alhamisi jioni. Aliisoma mara mbili. Nikamwuliza kama Pangani walisema uongo. Akasema hapana. Pangani waliuliza kama dawa inamwua mnyoo, nayo inamwua. Lindi waliuliza kama inaupunguza mguu, na mnyoo akifa mshipa alioharibu bado umeharibika. Ghana pia waliuliza habari za mguu wakapata jibu zuri, na sasa watu wengi zaidi wamepimwa na jibu halikuwa lile. Ndivyo elimu inavyokwenda. Nikamwuliza kama anajuta. "Mwaka 2021 nilimpa kwa lililojulikana mwaka 2021," akasema. "Leo ungekuja ningempa sabuni tu, nawe ungenitukana tena." Tulicheka wote wawili, ingawa mimi kidogo.

Basi nije kwa mama yetu. Mganga wako hakukosea kusita, mama, wala wewe hukukosea kuuliza. Usimwendee wakati mstari unakungoja mgongoni. Usianze na dawa. Anza na mtoto: lini ilianza, mara ngapi, alikwisha meza nini, kipi kilimsaidia na kipi kilimdhuru. Daftari la shilingi chache litamshawishi kuliko maneno yangu na yako. Dawa uitaje mwishoni, kama swali, na jina lake uliandike sawasawa, maana majina haya yanafanana. Mwulize nini kingemfanya akubali, na akikataa, ni kwa sababu gani hasa: ni hatari kwa mtoto, au ushahidi haupo, au hajui? Kila moja lina njia yake. Asiyejua huweza kumwuliza mwenziwe. Nakiri kwamba wapo wanaokataa kwa uvivu, bila hata kumgusa mgonjwa; kwa hao omba barua ya rufaa kwenda hospitali, ni haki yako, na huihitaji kwa ugomvi. Akikubali, mwulize ni kwa siku ngapi, na mtajuaje kwamba haifai. Dawa ya namna hii isiyo na siku ya mwisho, mimi naiogopa.

Na ukae tayari kusikia kwamba kipo kitu rahisi zaidi ambacho hujakifanya. Hilo ndilo lililotuuma sisi.

Shangazi mpaka leo anasema ni vidonge. Pakiti tupu ameihifadhi katika sanduku pamoja na shahada zake, na ukimweleza habari za Lindi anakuuliza kama hao wa Lindi wameuona mguu wake. Juzi nilipomtembelea alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, mguu ndani ya beseni, anamhimiza mjukuu aandike tarehe kabla giza halijaingia.

Mama, njoo Alhamisi na daftari. Nitakusindikiza mpaka zahanati, nami nitakaa nje chini ya mwembe.